Mtoto wa Tatu kwenye Bango

Bekwai
Ijumaa, 4 Februari 2022

Bi Mkurugenzi wa Duka la Mabango, Asafo, Kumasi,

Hakuna herufi katika mji huu wa Bekwai ambayo haikutoka mkononi mwangu. Ubao wa kinyozi, mlango wa baa, ubavu wa kila lori la mbao, na ile "Usikojoe Hapa" ya ukuta wa soko: zote mimi. Watoto wa hapa walijifunza kusoma kwa kunifuata nyuma na kopo langu la rangi.

Haya, nimekudanganya. Nusu ni za marehemu Agya Manu aliyenifundisha kazi. Ya kinyozi aliichora mtu wa Obuasi, mimi nikaweka sahihi yangu alipokwenda kula. Lakini "Usikojoe Hapa" ni yangu kabisa, na mpaka leo wanakojoa hapohapo, maana maandishi mazuri mtu hupenda kuyasoma akiwa ametulia.

Sasa nina kazi kwako. Nataka bango la msiba. Marehemu ni mimi. Usishtuke, mifupa bado naitafuna na siumwi popote. Ni vile mimi ni mtu wa mpangilio, na nimechoka kuona mabango ya siku hizi, herufi zimevimba kama mkate, kivuli huku na huku, utadhani marehemu aliishi chini ya majua manne. Langu nataka niliidhinishe mwenyewe.

Andika hivi. Jina: Opanyin Yaw Ababio. Mjane: Maame Pokuaa. Watoto: Kwasi Agyei, Yaa Nyamekye, Kofi Siaw, Ama Fofie, na kila jina limalizike kwa Ababio. Chini ya Ama Fofie acha mstari mmoja mtupu. Usiniulize wa nini.

Usinipigie simu. Simu ya nyumba hii hukaa kwenye fundo la nguo ya Maame Pokuaa. Jibu kwa barua, umpe dereva Tweneboa. Hajui kusoma, na kwa ajili ya hilo nampenda sana.

Yaw Ababio
Mchora Maandishi, Darasa la Tano (sikumaliza)

---

Kumasi
Jumanne, 8 Februari 2022

Mzee Ababio,

Barua imefika. Kabla ya kazi, tuondoe jambo moja njiani.

Kumasi ina duka la mabango kila kona. Wewe ukachagua hili, kwa hiyo unajua mimi ni nani, na mimi nakujua. Ulimpa mama yangu mimba alipokuwa akiuza kenke nyuma ya stesheni ya reli. Siku ya nane, siku ya baba kuja kumpa mtoto jina, ukawa na lori la kuchora Takoradi. Jina alinipa mjomba Kyei. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Bango lake nililitengeneza mwenyewe, na penye watoto nikaandika mmoja.

Basi. Sasa kazi.

Zamani nilikuwa nikitengeneza kwenye kompyuta herufi za dhahabu, zenye kina na kivuli na mng'ao, kisha naziyeyusha na kuzigandisha zote ziwe picha moja. Zilipendeza, ila zilikuwa zimekufa. Huwezi kubadilisha hata nukta. Mwaka juzi ukoo mmoja uliniletea msiba wa bibi yao. Mimi na haraka zangu nikagandisha bango kabla ukoo haujamaliza kikao. Alhamisi wakaja wanahema: "Dada, kuna mtoto ameachwa!" Ikabidi nimbandike juu ya picha. Dhahabu yake ikatoka rangi ya haradali. Jumamosi watu mia nne walimsoma yule mtoto aliyeachwa, mama mtu mzima, kama kiraka kwenye suruali. Alikaa msiba mzima amejifunika uso, na hakuwa analia.

Tangu siku hiyo sigandishi mapema. Neno naliacha liwe neno. Rangi ya uso, ubavu wa njano, kivuli, mng'ao, vyote navivalisha kama nguo. Nikifuta Kofi nikaandika Kwame, nguo ileile inamkaa Kwame. Nikilisogeza jina, kivuli kinaondoka nalo. Naweza kubadilisha hata asubuhi ya mwisho. Mteja akisema sawa, ndipo nagandisha na kuchapa.

Nimekuwekea sampuli. Mstari mtupu siwezi kuuchapa. Niambie ni wa nani.

Abena Dufie Kyei

---

Bekwai
Ijumaa, 11 Februari 2022

Bi Mkurugenzi,

Ulimi wako umetoka kwa mama yako, nimeutambua. Mambo ya Takoradi nimeyasoma. Nimeyasoma mara tatu, chooni, maana ndipo mahali pekee humu ndani penye komeo.

Kwanza nikusifu. Hiyo habari ya nguo za herufi imeninyima raha. Sisi tulipokosea jina tulikwangua ubao kwa kipande cha chupa, kisha tukapaka upya, kisha tukasubiri siku mbili huku mwenye ubao akitutukana. Wewe unafuta Kofi, unaandika Kwame, na kivuli kinamfuata kama mbwa! Agya Manu angekuita mchawi, halafu angekuomba umfundishe.

Sasa nikuponde. Kwenye sampuli yako kivuli cha jina langu kinaangukia kulia, na cha majina ya watoto kinaangukia kushoto. Kwa hiyo juu nimekufa asubuhi na chini nimekufa jioni. Nife mara moja, tafadhali. Jua ni moja kwa karatasi nzima. Kivuli kiende kushoto na chini, upana wa kidole kidogo. Na ule mng'ao mweupe uwe kama punje ya mchele, ukae begani kwa herufi, usikae tumboni. Nimekuchorea karatasi tatu, alfabeti nzima. Ile S imenisumbua tangu ujana, usinicheke.

Mstari mtupu ni wako. Andika Abena Dufie. Basi, hivyo hivyo, wa tano. Nafasi ikibana, punguza herufi kidogo.

Unaona? Mtu mbaya hawezi kufanya hivi.

Yaw Ababio

---

Kumasi
Jumanne, 15 Februari 2022

Mzee Ababio,

Kuhusu kivuli una haki. Nimevifunga vivuli vyote kwenye jua moja. Sasa nikiligeuza jua, vyote vinageuka pamoja. Na S yako nimeichukua ilivyo, na kupinda kwake. Kwa hayo nashukuru.

Kuhusu mstari, hapana.

Unajua kama ninavyojua kwamba watoto hupangwa kwa umri. Mimi nimezaliwa Machi 1981. Kofi Siaw wako, niliyesoma naye sekondari darasa moja bila yeye kujua lolote, amezaliwa Oktoba mwaka huohuo. Mimi ni wa tatu. Ukiniweka wa tano, chini ya Ama Fofie ambaye nimemzidi miaka minne, kila atakayesimama mbele ya bango lako atasema: "Huyu wamemwokota njiani." Halafu unaniambia nipunguze herufi!

Nilishamwona mwanamke amekaa msibani kama kiraka. Mkono uliombandika ni huu wangu. Siwezi kujifanyia hivyo mwenyewe.

Niweke wa tatu, herufi sawa na wenzangu, au usiniweke. Nisiposikia kutoka kwako, nitaufuta mstari, nitagandisha na watoto wanne, nikuchapie. Hakutakuwa na ugomvi. Nimeishi miaka arobaini bila bango lako.

Abena Dufie Kyei

---

Bekwai
Ijumaa, 18 Februari 2022

Wewe mwanamke,

Punguza moto. Si wewe mwenyewe uliyesema jina linasogea kama mtu amevaa shati? Basi anza wa tano. Mimi nikishaingia kwenye sanduku, jisogeze. Panda wa tatu, panda wa kwanza, panda juu ya jina langu ukitaka. Nitakaa kimya, nakuahidi.

Tatizo ni Maame Pokuaa. Yule anahesabu kwa vidole upesi kuliko kompyuta yako. Machi, Oktoba, vidole saba, kwisha. Umewahi kuona mwichi wake wa kutwangia fufu? Ni mrefu kunizidi. Mimi nikiwa maiti hawezi kunirushia, atakuwa anaogopa watu. Lakini nikiwa hai, mwanangu, nitakufa kabla ya kufa.

Ona, nimeandika mwanangu. Kalamu imeteleza. Iache hapohapo.

Fikiria vizuri, lakini usichelewe.

Y. A.

---

Kumasi
Jumanne, 22 Februari 2022

Mzee Ababio,

"Usichelewe." Nikajiuliza, mtu asiyeumwa popote ana haraka gani?

Tweneboa hajui kusoma, lakini mdomo anao. Nilimpa chai tu, akanimwagia yote: ngiri umeificha miaka mingi, sasa imekaza, na tarehe 9 Machi unapasuliwa. Daktari amekuambia kwa umri wako hawezi kukuahidi kitu. Nawe ukaniandikia kwamba wewe ni mtu wa mpangilio.

Siku mbili sikuweza kufanya kazi. Nilikaa mbele ya jina lako na ule mstari mtupu chini. Mara nafuta, mara narudisha. Ndipo nikaona kosa liko wapi. Kwenye kompyuta majina yanasogea kwa kidole changu. Nikijiweka wa tatu mimi mwenyewe, nitakuwa nimejizaa.

Kwa hiyo ndani ya bahasha kuna majina matano, nimeyachapa kwa herufi zako, kila jina kwenye kipande chake cha karatasi. Ipo na karatasi kubwa yenye nafasi tano. Yapange wewe. Yagundishe wewe. Utakavyonirudishia ndivyo nitakavyochapa, hata yakirudi manne.

Ugua pole. Sikuandika hili kwa kalamu kuteleza.

Dufie

---

Bekwai
Jumatano, 2 Machi 2022

Dufie,

Huna huruma. Mama yako angalau alikuwa akipiga kelele, mtu anajua akimbilie upande gani. Wewe unatuma karatasi tano.

Jumapili baada ya kula niliyatandaza mezani. La kwako nikalificha chini ya bakuli la mchuzi wa karanga, nikasema nitalitoa akienda kuosha vyombo. Hakwenda. Akasimama nyuma yangu.

"Yaw, unacheza karata na nani?"

"Na watoto wangu."

"Na hicho kinachochungulia chini ya bakuli?"

Nikakitoa. Kina doa la mchuzi, utaliona. Nikakiweka chini ya Ama Fofie. Akakisoma. Akasema, "Watano? Huyu umemzaa lini, na hiyo ngiri yako?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya, Dufie. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umenyolewa na kupakwa mafuta. Ningesema ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Lakini kikaratasi cha Kwasi kilikuwa na S yangu mbovu na kivuli changu, na cha kwako kimevaa kivuli kilekile. Nikakisukuma. Juu ya Ama Fofie. Juu ya Kofi Siaw. Nimepandisha mbao za futi kumi na mbili mpaka paa la sinema, sikuwahi kupandisha kitu kizito kama kile.

"Kwa nini unamweka juu ya Kofi?"

"Ndipo alipozaliwa. Machi."

Vidole vikaanza. Nikaviona vikifika saba, vikasimama.

"Machi nilikuwa na mimba ya Kofi. Nilikuwa natapika hapo mlangoni, na wewe ukaniambia unakwenda kumchorea mtu ubao!"

"Ubao nilimchorea pia."

Jibu hilo lilikuwa kosa. Mwichi haukuja, lakini bakuli langu lilikwenda kwa mbwa wa jirani. Siku tatu nimekula yai moja bila chumvi, linaachwa mlangoni kama la mfungwa. Nililala nikiiogopa tarehe tisa kidogo tu, maana nilishakuwa marehemu.

Leo asubuhi ameingia na sufuria ya uji wa muhogo, ule wa kugundishia.

"Gundi yako mbaya," anasema. "Karatasi inajikunja. Mtoto wa watu atasomekaje?"

Akaketi. Akayapaka yote matano kwa kidole chake, moja moja, akayakandamiza kwa kiganja cha mkono, la tatu kwa nguvu kuliko mengine, sijui kwa hasira au kwa nini.

"Usidhani nimekusamehe. Wewe nakungoja utoke hospitali, na utoke mzima nikupate vizuri. Lakini mtoto hakuruka ukuta wa mtu." Halafu akainama. "Mbona jina lake fupi? Wenzake wote unawaandika Ababio."

"Sikumpa jina."

"Basi mpe. Au unasubiri siku ya nane ya mwaka gani?"

Kwa hiyo ninaandika. Jina lako ni Birago, jina la mama yangu, aliyekuwa akiuza chumvi na kutukana maaskari. Njoo Jumamosi asubuhi. Nitakudondoshea maji na pombe ulimini kama mtoto mchanga, ukiona maji useme maji, ukiona pombe useme pombe. Kazi hiyo ilitakiwa kwangu tangu Machi ile, na wewe naona ulijifunza bila mimi.

Karatasi imegundishwa. Imo ndani.

Baba yako,
Yaw Ababio

---

Kumasi
Jumatatu, 7 Machi 2022

Baba,

Ulimi bado unawaka. Pombe ulitia kijiko, maji tone moja. Mjomba Kyei alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekuja kugombana, nimemjua uso.

Maame Pokuaa hakuniamkia. Lakini kiti aliniwekea kati ya Yaa Nyamekye na Kofi, na nilipotaka kukisogeza nyuma kidogo, alikirudisha kwa mguu bila kunitazama. Kofi naye akaninong'oneza, "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinishinda hesabu! Na nyumbani napigwa!"

Nimelifungua bango. Nimeweka kidole kwenye mstari wa tatu na kuandika Abena Birago Dufie Ababio. Jina la mjomba sikulifuta, nimelihamishia kadi yangu ya duka, huko linafanya kazi. Baba, jina ni refu kuliko yote, na nguo imelikaa. Rangi, ubavu wa njano, kivuli kushoto na chini, punje za mchele mabegani. Sikugusa kitu. Nilifuta macho tu ili nione.

Nimekuchapia nakala moja ya kutazama. Bango lenyewe sijaligandisha, na sina haraka. Jumatano nitakuwa hospitali mlangoni kabla ya daktari. Wewe ingia, utoke. Kila kitu huku nimekiacha wazi.

Birago Dufie

---

Bekwai
Jumatatu, 21 Machi 2022

Birago,

Nimerudi nyumbani. Daktari amenishona kama gunia la kakao, na nikicheka nasikia nyuzi zikilalamika, kwa hiyo mwambie Kofi asije na zile hadithi zenu za sekondari. Naambiwa siku ile ulimzuia daktari mlangoni ukamuuliza mkono wake unatetemeka au hautetemeki. Vizuri. Mimi mafundi wangu nilikuwa nawapima hivyohivyo.

Maame Pokuaa ameanza kunipata, kama alivyoahidi. Ananitukana asubuhi na mchana. Jioni anapumzika, anapika, na chumvi imerudi. Jana ameuliza kama wewe unakula mboga ya kontomire au ni watu wa mjini mnaochagua. Jibu mwenyewe, simu ameifungua kwenye nguo na kuiweka mezani.

Lile bango amelipiga msumari sebuleni. Nikamwambia, mke wangu, hilo ni tangazo la msiba wangu, na mimi niko hapa nakunywa supu. Akasema herufi ni nzuri, ukutani palikuwa patupu. Basi watu wanakuja kunipa pole, wanafika mbele ya bango, wanasimama. Wanasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuna wanaotazama vidole vyao. Maame Pokuaa anawasubiri wamalize kuhesabu, halafu anawaambia, "Ndiyo, wa tatu, yuko Kumasi, ndiye aliyelitengeneza," na anawakalisha. Hakuna aliyethubutu kuongeza neno. Mwichi uko palepale pembeni.

Mwenye malalamiko ni shemeji yangu Opoku peke yake, anayesema jina lake kwenye orodha ya waombolezaji limeandikwa dogo, na yeye ndiye atakayelia kuliko wote. Nikamwambia alie kidogo tuone.

Sasa sikiliza. Nilikupa alfabeti nzima, karatasi tatu, na jua moja la kuangazia vivuli vyako vyote. Sikukuomba kitu, kwa hiyo nakudai fadhila moja ndogo. Jana niliinuka kwa mara ya kwanza bila fimbo, nikaenda kulisoma bango langu kwa karibu. Umeandika: Alizaliwa 1944. Chini yake: Alifariki, na mbele yake umeweka nukta tano za kujazia tarehe. Tano! Birago, baba yako ni mtu wa nukta tano? Lifungue tena, maana umesema liko wazi, uongeze nukta mpaka zifike ukingoni mwa karatasi. Nafasi ikikosekana, punguza jina la Opoku.

Baba yako,
Yaw Ababio